Damu Inapoganda, Nani Amekosa?

"Sista, nimemkosea nini Mungu?"

Nimeulizwa hivyo na wazee na vijana, Waislamu na Wakristo, na karibu kila mara swali lilikuja asubuhi ile ambayo mgonjwa ameamka, akaweka vidole juu ya fistula yake, pale ateri na vena zilipounganishwa mkononi ili zipokee sindano, kama tulivyomfunza, asisikie kitu. Mshipa uliokuwa ukitetemeka chini ya ngozi jana usiku sasa umenyamaza, umekuwa mgumu, unauma kidogo. Damu imeganda ndani. Leo ni siku yake ya mashine ya kusafisha damu, na hakuna pa kuingiza sindano.

Nilikuwa muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu katika hospitali moja hapa Mombasa mpaka nilipostaafu. Nilivyoona mimi, watu hawaulizi hivyo figo zinapokufa. Figo zikifa wanasema ni sukari, ni presha, wanalia, kisha wanazoea. Mkono ukigoma ndipo wanapomtafuta Mungu kwa uchungu. Wameshapasuliwa, wamesubiri wiki na miezi mshipa ukomae, wameacha kubeba ndoo na kulalia upande ule, halafu kile walichokilinda kinaharibika usiku mmoja wakiwa usingizini. Ni rahisi kudhani wametumiwa ujumbe. Mimi sidhani hivyo, na nitaeleza kwa nini. Lipo jambo jingine katika maradhi haya ambalo watu hawalitafutii mkosaji kabisa, na hilo ndilo lenye wakosaji.

Mashine yenyewe ilitangulia njia ya kuifikia. Daktari Willem Kolff aliunda figo bandia huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, kwa kutumia utando wa selofeni wa kuvisha soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo walikufa karibu wote. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 alizinduka, akaishi. Lakini figo za mama huyo zilikuwa zimelala tu, zikaamka. Mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa hakuwa na faida na mashine ile, kwa sababu kila kipindi daktari alilazimika kuchana ngozi, kutafuta ateri na vena, kuingiza mirija, na mwisho kuifunga mishipa ile kwa uzi. Mshipa ukishafungwa hautumiki tena, na mtu hana mishipa mingi mikononi. Baada ya vipindi kadhaa, mashine ipo, daktari yupo, mgonjwa anapumua, na mwilini hakuna pa kuingilia.

Hali ilikuwa hiyo hadi Seattle, Marekani, mwaka 1960. Daktari Belding Scribner wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa amemsafisha damu mtu aliyeletwa akiwa hoi, mtu yule akapata nafuu, kisha ikabainika kwamba figo zake hazitarudi tena. Hapakuwa na la kufanya ila kumrudisha nyumbani akafe. Jambo hilo lilimkaa daktari moyoni, na usiku mmoja akaamka na wazo: mirija isitolewe. Mmoja ubaki ndani ya ateri karibu na kifundo cha mkono, mwingine ndani ya vena, na mgonjwa akitoka kwenye mashine ncha zao za nje ziunganishwe kwa kipande kilichopindwa, damu iendelee kutoka kwenye ateri na kuingia kwenye vena usiku na mchana. Mhandisi Wayne Quinton aliitengeneza mirija hiyo kwa Teflon, plastiki isiyonata damu kwa urahisi. Tarehe 9 Machi 1960 iliwekwa mkononi mwa Clyde Shields, fundi wa mitambo mwenye miaka 39. Aliishi miaka 11 zaidi, akafa mwaka 1971 kwa ugonjwa wa moyo.

Vitabu vinasifu miaka hiyo 11, na inastahili. Mimi huwa nawaza mkono wake. Mrija umetoka nje ya ngozi, mwekundu, vuguvugu ukiugusa. Ukiziba, rangi inageuka, damu nyeusi inajitenga na maji ya manjano, na mwenyewe anaiona kwa macho yake akiwa mezani anakula. Pale mrija unapotokea, ngozi haifungi kamwe, kwa hiyo vijidudu vina pa kupita kila siku. Ncha zikiachana usingizini, ateri inamwaga damu kitandani. Ndiyo maana wagonjwa wa mirija hiyo walitembea na vibanio vimebandikwa kwenye bandeji zao. Mrija ukichakaa ulihamishiwa juu kidogo, na kila kuhama kulikula sehemu nyingine ya mshipa. Watu walipewa uhai, na uhai huo ukapitishwa mahali padogo kuliko kidole, pakiwa wazi, pakiuma.

Sasa nije kwenye damu yenyewe. Damu imepewa amri mbili zinazopingana: itembee, na isimame. Ndani ya mshipa mzima inatembea, kwa sababu utando wa ndani wa mshipa hauachi kutoa vitu vya kuizuia isigande. Ikikutana na ukuta uliochanika, au na kitu ambacho si mwili, chembe sahani zinajibandika pale na kuita nyingine, nyuzi za faibrini zinafumika juu yake, na tundu linazibwa. Mtoto akijikata kwa kisu cha kumenyea muhogo, hilo ndilo linalomwokoa. Mama akijifungua, ni hilo hilo. Nimemwona mtu aliyezaliwa na upungufu wa uwezo huo, magoti yamejaa damu kwa kujigonga kwenye kiti tu, na tangu siku hiyo sijaweza kuona kuganda kwa damu kama adui.

Kwa hiyo damu inapoganda kwenye mrija, au pale ateri na vena zilipounganishwa, haijaasi. Imekuta jeraha. Kwake yeye mkato wa daktari na mkato wa kisu ni kitu kimoja, na imefanya ilichoumbiwa kufanya. Haina namna ya kujua kwamba safari hii kuziba ndiko kunakoua. Anayeniambia kwamba bonge lile la damu ni adhabu, basi na anieleze jinsi kitendo kile kile kilivyokuwa rehema juzi kwa mtoto wa jirani.

Mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, alinipinga hapo. Aliniambia kwa upole, mkono wake ukiwa juu ya mto, "Binti yangu, usimwondolee Mungu kazi yake. Hakuna linalokuwa bila idhini yake." Nilimjibu kwamba sikatai, maalim. Lakini idhini ni kitu kimoja na hasira ni kingine. Nabii Ayubu aliugua miaka, na hakuugua kwa kosa. Kisa chake kingetosha kutuzuia tusikae kando ya kitanda cha mgonjwa tukimhesabia madhambi. Na tunaposema maradhi ni kafara, tunasema habari ya kile anachokipata mgonjwa akivumilia. Hatusemi kwa nini mshipa wake umeziba Jumanne na wa mwenzake haukuziba. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali lake la kweli, lililokuwa likimla muda mrefu: heparini tunayompa ili damu isigande ndani ya mashine, ni kweli inatokana na matumbo ya nguruwe? Nilimwambia ndiyo, nyingi yake inatokana na huko. Alikwenda kwa shekhe wake, akarudi na jibu kwamba penye dharura na pasipo na mbadala hakuna kosa, na kipindi kilichofuata alinyoosha mkono bila wasiwasi. Nilijifunza hapo kwamba wengi wanaouliza habari ya adhabu wanabeba swali jingine dogo ambalo hakuna aliyewapa nafasi ya kuliuliza.

Lakini ipo njia nyingine ya mambo kuharibika, na hapo sitaki upole.

Fistula ikishindwa, au kabla haijakomaa, mgonjwa huwekewa mpira shingoni ndani ya vena kubwa. Mpira ule ni ndugu wa mrija wa Seattle: umetoka nje ya ngozi, uko wazi, na njia ya vijidudu kutoka nje hadi kwenye moyo ni fupi mno. Unahitaji mikono iliyooshwa, barakoa, glavu safi, dawa ya kusafishia iachwe ikauke kabla ya kifuniko kufunguliwa. Ni mambo madogo, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake anaweza kuyaruka mwisho wa zamu. Homa huanza na kutetemeka saa moja baada ya mashine kuwashwa. Nimewahi kumpoteza hivyo binti mmoja ambaye alikuwa akisubiri figo ya kaka yake. Kwenye matanga, watu wa dini zote wakasema lile tunalosema sote: kazi ya Mungu haina makosa, siku yake ilifika.

Naamini siku yake ilifika. Nimelelewa katika madhehebu ya Shafi, na imani tuliyofundishwa inasema hata aliyeuawa amekufa kwa ajali yake, kwa siku iliyoandikwa. Muuaji hakumpunguzia hata saa moja. Lakini wanazuoni hao hao hawakumwachia muuaji aende zake. Wamemdai kisasi au dia, yaani malipo ya damu. Hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, na mimi pia siuoni. Siku ya kufa inajulikana na Mungu, na mikono itaulizwa ilichokifanya. Anayechukua la kwanza ili afute la pili hajaongeza imani. Amelitumia jina la Mungu kufunika beseni lisilokuwa na sabuni. Kufiwa ni kuzito, na simlaumu mama anayejiliwaza kwa kauli ile. Nasema juu yetu sisi, tuliokuwa zamuni, tunapoisikia kauli ile na kupumua.

Damu ikiganda, basi, tusimtafute mkosaji pasipokuwa naye. Vijidudu vikiingia kwa mkono usiooshwa, tusimsingizie Mungu. Kati ya hayo mawili kuna eneo pana ambalo ni vigumu kulipima, na Seattle walilifikia mapema kuliko sote.

Mrija ule ulipofanya kazi, ghafla kifo cha figo kilikuwa kitu cha kuamuliwa. Kabla ya Machi 1960 hapakuwa na mtu wa kuulizwa kwa nini fulani amekufa. Baada ya hapo kulikuwa na mirija, mashine chache, na watu wengi mno. Kituo cha figo bandia kilifunguliwa Seattle mwaka 1962, na kwa kuwa vitanda vilihesabika, iliundwa kamati ya watu saba wasiotajwa majina: mwanasheria, mchungaji, mwenye benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Madaktari walikwisha kuchuja wale ambao miili yao ingeweza kuhimili matibabu. Kilichobaki kwa wale saba kilikuwa kuchagua nani kati yao aishi. Mwandishi Shana Alexander alieleza habari zao katika jarida la Life mwezi Novemba mwaka huo, na wasomaji walishtuka kujua kilichokuwa kikipimwa: umri, ndoa, idadi ya watoto, mapato, elimu, kazi, hata kwenda kanisani.

Wengi waliosoma habari ile waliwaona watu wale kuwa wamejifanya miungu. Mimi nawaonea huruma kwanza. Waliitwa kutoka majumbani mwao kufanya kazi ambayo wengine waliikimbia, na kama wasingekaa, vitanda vile visingeongezeka hata kimoja. Kosa ninaloliona ni jingine. Walidhani kwamba kwa kuwa lazima mmoja achaguliwe, basi lazima pawepo na mmoja anayestahili zaidi, na kazi yao ni kumvumbua. Mwenye watoto wanne ana thamani kuliko kapera. Mwenda kanisani kuliko asiyekwenda. Hapo ndipo mwanadamu alipoingia mahali asipopewa ufunguo.

Dini yangu ina kitu kwa hali hiyo, nacho ni kura. Ndani ya Kurani, Nabii Yunus akiwa jahazini anaangukiwa na kura. Wanaotaka kumlea Maryamu wanatupa kalamu zao ili ijulikane nani atapewa. Mtume mwenyewe alipiga kura kati ya wake zake alipotaka kusafiri na mmoja wao. Wanazuoni wa fikihi wameitumia pale haki zinapolingana na kitu hakigawanyiki. Sikuwahi kulitilia maanani jambo hili mpaka nilipofanya kazi penye mashine chache. Kura haisemi kwamba fulani ni bora. Inasema wote wawili wana haki sawa na sisi hatuna mizani ya kuwapima, kwa hiyo tunaiacha hukumu mahali ambapo hakuna jicho la kibinadamu litakalomtazama aliyekosa na kumwambia hakustahili. Hapo ndipo kumwachia Mungu kunapokuwa uaminifu: tumefanya yote yaliyo ndani ya uwezo wetu, tumefika mwisho wa ujuzi wetu, tukasimama.

Sisi huku hatukuwa na kamati wala kura. Tulikuwa na pesa. Kabla bima ya afya ya taifa haijaanza kulipia vipindi viwili kwa wiki, mgonjwa aliuza ng'ombe, kisha shamba, akaja mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha akapiga simu kusema atakuja mwezi ujao. Hakuna mtu aliyekaa mezani kumhukumu, ndiyo maana hakuna aliyeandika makala juu yake. Nyumbani kwake walisema ni kadari. Huko Marekani sheria ilipitishwa mwaka 1972, na tangu Julai 1973 serikali ikaanza kulipia karibu kila mwenye kuhitaji mashine, na kamati za namna ile zikakosa kazi. Watu wale wale, maradhi yale yale, saini moja, na kilichokuwa kadari kikakoma kuwa kadari. Naomba wahubiri wetu walifikirie hilo polepole kabla hawajashika kipaza sauti makaburini.

Mrija wa Scribner nao ukapitwa na wakati. Mwaka 1966 madaktari wa New York, wakiongozwa na Michael Brescia na James Cimino, walichapisha njia ambayo haihitaji plastiki ya kudumu: ateri ya kifundo inashonwa pamoja na vena iliyo jirani, na vena ikipokea nguvu ya ateri inapanuka, ukuta wake unakuwa mnene, ikaweza kustahimili sindano mbili nene kila kipindi, miaka na miaka. Hiyo ndiyo fistula, ndiyo mtetemo wanaousikia wagonjwa wangu. Ni njia bora kuliko zote tulizo nazo, na bado ina deni. Damu inayokatisha njia ya mkato kurudi moyoni haifiki kwenye vidole. Nimewajua watu ambao kiganja chao upande wa fistula kilikuwa baridi katikati ya kaskazi, vidole vimekufa ganzi, na fundi cherehani mmoja ambaye hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Mwili ni amana, tunasema. Sikupata kuona maana ya neno hilo kwa uwazi kuliko kwa watu wale ambao kiungo kimoja kimekubali kunyimwa ili vingine vipate.

Na ibada zao zinapita kwenye mkono huo huo. Mwenye bandeji mkononi mahali ambapo maji hayatakiwi kufika anatawadhaje? Kwetu Shafi jibu lipo tangu zamani: anaosha kilicho kizima, anapangusa juu ya bandeji, na anatayamamu. Nimewaona wanaume wazima wakilia kwa faraja walipoambiwa hivyo, maana walikuwa wameacha kuswali wakidhani udhu wao haufai, wengine wakalowesha bandeji kwa siri na kurudi na kidonda kimechimbika. Kuhusu Ramadhani, wanazuoni wengi wa leo wanasema mashine inafunguza, kwa kuwa damu inarudi na maji na sukari ndani yake; mgonjwa ana ruhusa, na kwa asiye na matumaini ya kupona ipo fidia. Haya si mambo ya pembeni. Mtu anayejua kwamba Mungu ameshamwekea nafasi kwa ajili ya mkono wake mgonjwa hatauliza kwa haraka amekosa nini.

Siku hizi nikialikwa kwenye maulidi ya kina mama huomba dakika chache kabla ya chakula. Nawaambia walio na sukari na presha kwamba figo huchoka kimyakimya, na kwamba mishipa ya mikono yao huenda siku moja ikahitajika. Kila dripu inayochomwa kwenye kifundo au kwenye mkunjo wa kiwiko inaacha kovu ndani, na vena yenye kovu inaweza kukataa kuwa fistula miaka kumi baadaye. Mgongo wa kiganja unatosha kwa dawa nyingi. Mkono ambao mtu hauandikii wala haulii uachwe bila sindano kadiri inavyowezekana, na mwenye figo zilizoanza kuchoka aseme hivyo mwenyewe, bila kungoja aulizwe.

Mwezi uliopita, Kisauni, mama mmoja aliniuliza kama si utovu wa adabu kumwelekeza daktari pa kuchoma. Nilimwambia aende na maneno haya: "Daktari, figo zangu zina shida, naomba utumie mgongo wa kiganja," na kama daktari ana sababu ya kukataa, amwombe amweleze sababu hiyo kabla ya kunyoosha mkono.